Neno Lililoandikwa kwenye Kipande cha Baba

Mjukuu wangu alikuja kwangu mwezi uliopita akiwa na begi lake la kazini, akaketi kibarazani bila kuvua viatu, akasema, "Bibi, wametuleiofu." Alikuwa mlinzi kwenye visima vya gesi kule Msimbati. Nikamuuliza, mmepunguzwa au mmefukuzwa? Akanitazama kana kwamba nimesema jambo lisilo na kichwa wala miguu. "Si yale yale, Bibi? Kazi si hakuna?" Nikamkatalia. Nilimkatalia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, mpaka jirani akachungulia juu ya ua akidhani tunagombana. Si yale yale. Nimesahau majina ya watu niliokula nao sahani moja, lakini tofauti ya maneno yale mawili sijaisahau, kwa sababu niliwaona wazazi wangu wakiipigania mchana kweupe.

Wenzangu mliokuwa watoto Mtwara ilipokuwa bado inafyekwa mnaikumbuka harufu ya mataruma. Ilikuwa harufu ya dawa nyeusi waliyolowekea yale magogo ya reli yasiliwe na mchwa, kali kama moshi uliochanganywa na mafuta ya taa. Baba alirudi nayo kila jioni. Mama alimsugua mgongo kwa mchanga na limau, lakini haikutoka. Ilikuwa kwenye mkeka, kwenye kofia yake ya Ijumaa, hata kwenye ugali tuliokula naye. Nilidhani hiyo ndiyo harufu ya kazi, na kwamba mtu asiyenuka hivyo hana kazi.

Tulikuwa tumetoka Kitaya. Baba yangu, Bakari, alikuwa mkulima wa mtama na muhogo kwenye bonde la Ruvuma, lakini viboko walikula shamba lake misimu miwili mfululizo. Habari zikafika mpaka mtoni kwamba Wazungu wanajenga bandari, na reli ya kwenda bara kwenye mashamba yao ya karanga, na kwamba wanamchukua kila mwenye mikono miwili. Tukahama. Baba akaandikwa kwenye genge la watu waliotandika reli. Mimi kutandika nilikokujua kulikuwa kwa kitanda. Kwa muda mrefu niliamini kwamba baba yangu huenda porini kila asubuhi kulitandikia treni shuka, ili lije lilale.

Kambi yetu ilikuwa nyuma ya Ufukoni, safu za vyumba vya udongo vilivyoezekwa makuti. Chumba cha ubavuni mwetu alikaa Sefu, mtu wa Kitaya kama sisi, rafiki wa Baba tangu utoto wao. Nilimwita baba mdogo. Mkewe alibaki Kitaya akilinda shamba, kwa hiyo Sefu alikula kwetu. Yeye na Baba walipigilia msumari mmoja, huyu upande huu na yule upande ule, nyundo ya mmoja ikipanda ya mwenzake inashuka, na Sefu ndiye aliyeimba ili nyundo zisigongane. Alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka hata akisimulia msiba, kisha anajifuta macho na kuomba radhi.

Baba hakujua kusoma. Alikuwa ameweka kidole gumba kwenye karatasi nyingi asizozijua, na siku aliponipeleka shule, mmoja wa wasichana sita tu darasani, alisema mbele ya wazee waliomcheka, "Huyu ataniambia nilichotia kidole." Sikuwa mwanafunzi hodari. Nilikuwa mbishi, na ubishi ulinisaidia kuliko uhodari. Mwalimu wetu, Mwalimu Filipo, Mmakua wa upande wa Masasi, mwembamba, kaptura yake imepigwa pasi mpaka mkunjo unaweza kukukata, alikuwa ametuanzishia Kiingereza mwaka ule. Tulikuwa kwenye ukurasa wenye picha ya kuku. Kuku anataga yai. Jana kuku alitaga yai. Tuliimba kwa pamoja, "lay, laid, laid," mpaka mbuzi wa jirani wakaitikia.

Mtu mwingine wa kumjua katika habari hii ni karani wa kambi, Bwana Silvesta. Kalamu mbili mfukoni, viatu vyeusi, sauti ya chini. Bwana mkubwa Mzungu alijua Kiswahili cha kuagiza chai na kufokea watu, basi. Na wanaume wa genge hawakujua Kiingereza hata cha salamu. Kila neno lililotoka kwa Mzungu kwenda kwa watu, na kila neno lililorudi, lilipita kinywani mwa karani. Alijua jinsi jambo hilo lilivyomfanya awe mkubwa.

Karani alikuwa amejipatia kishamba nje ya mji, akataka kupanda mikorosho. Jumamosi moja akaliambia genge la Baba kwamba kesho yake, siku ya mapumziko, watakwenda kumfyekea. Hakuomba. Walikuwa kumi na mmoja. Baba akamjibu kwa niaba yao, "Bwana Karani, siku sita ni za kampuni. Ya saba ni yangu, na nimekwisha kumwahidi mke wangu kumchimbia ming'oko porini." Watu wakacheka. Karani naye akatabasamu, akatoa kalamu moja kati ya zile mbili, akaandika kitu kwenye daftari lake dogo. Baba alitusimulia jioni ile akiwa amefurahi. Mama hakufurahi. Aliuliza, "Ameandika nini?" Baba akasema, "Nitajuaje?"

Haikupita muda mrefu habari za karanga zikaanza kuharibika. Watoto hatukuelewa. Tulisikia tu kwamba mitambo imesimama bara, kwamba ardhi ni ngumu, kwamba meli haziji. Halafu alasiri moja, nikitoka shule, nikakuta kundi kubwa la wanaume mbele ya ubao wa matangazo wa ofisi. Karatasi mpya ilikuwa imebandikwa, imepigwa taipu, majina mengi chini na mstari mmoja wa Kiingereza juu. Hakuna aliyeweza kuusoma. Sefu akaniona.

"Mpisheni Somoe," akasema. "Mtoto wetu anasoma. Somoe, mwanangu, tuambie."

Wakanipisha. Sijawahi kujisikia mkubwa kama nilivyojisikia katika zile hatua chache. Nikaona jina la Baba. Nikaona jina la Sefu. Nikautazama mstari wa juu, na katikati yake nikaona neno ninalolijua, neno la kuku! "Laid." Mbele yake kulikuwa na kijineno "off" nisichokijali. Nikageuka, nikasema kwa sauti ya kusomea darasani:

"Inasema wote hawa wametagwa."

Kicheko kilichotoka pale kilifika baharini. Sefu alijishika mbavu, mtu mmoja akaanza kulia kama kuku, mwingine akajipapasa nyuma kutafuta yai. Hata Baba alicheka, ingawa macho yake yalirudi kwenye jina lake. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Ndipo Bwana Silvesta akatoka ofisini, na kicheko kikakatika.

"Msimsikilize mtoto," akasema. "Maana yake mmefukuzwa. Kesho mje mchukue vipande vyenu."

Neno hilo, kufukuzwa, liliwaangukia watu wazima mbele ya macho yangu. Anafukuzwa mwizi. Anafukuzwa mlevi. Anafukuzwa mbwa jikoni. Wanaume wale waliokuwa wakijipapasa mayai dakika moja iliyopita waliondoka mmoja mmoja bila kuagana, na hakuna aliyepita njia kubwa. Sefu hakuja kula.

Kesho yake nilipotoka shule Baba alikuwa ameketi kitandani, kipande mkononi. Kipande kilikuwa cheti cha kazi. Mwajiri mwingine akitaka kukuchukua, hukiomba hicho kwanza. Mama alikuwa akifunga vyombo kwenye kanga. Karani alikuwa ameagiza wote kumi na mmoja wa genge la Baba waondoke kambini kabla ya jua la kesho kuzama. Wengine waliokuwa kwenye orodha ile ile wameruhusiwa kukaa mpaka mwisho wa mwezi, tena lori la kampuni litawarudisha makwao na mizigo yao.

"Mbona wao wakae?" nikauliza.

"Usiulize maswali, Somoe," alisema Mama, lakini aliacha kufunga.

Sefu alikuwa ameondoka tayari. Aliposikia neno lililoandikwa kwenye kipande chake alikiacha kwenye meza ya karani, akatoka na mkeka wake kwapani, akaenda kwa miguu. Hakutuaga. Nadhani hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, kwenye chumba kile cha ubavuni kilichokuwa wazi, hakina mtu wa kucheka.

Nikamwomba Baba kipande. Juu kulikuwa na jina lake na alama ya kidole chake, na chini, kwa mwandiko wa mkono uliolala kulia, neno moja refu. Sikulijua. Nililitazama mara ya pili. Lilianza na "d." Nikaliangalia herufi kwa herufi, kama mtu anayechambua mchele.

"Baba, hili silo neno la ubaoni."

"Umejuaje? Jana ulisema tumetagwa."

"Maana sijui. Lakini herufi nazijua. La ubaoni lilikuwa fupi, na vipande viwili. Hili ni moja, na refu. Silo, Baba."

Baba alinipungia mkono niache. Ningekuwa mtoto mtiifu ningeishia pale. Nikachukua kibao changu cha shule, nikakimbia ofisini, nikanakili maneno yale mawili ya ubaoni, nikarudi, nikaandika chini yake neno la kwenye kipande. Nikayaweka mapajani mwake. Baba hakujua kusoma, lakini alikuwa fundi. Jicho lake liliweza kuona kama reli mbili zimelingana. Akafuatisha kwa kidole mstari wa juu, kisha wa chini. "Hayalingani," akasema. Akanyanyuka. "Twende kwa mwalimu wako."

Mwalimu Filipo alikuwa akimwagilia mchicha nyuma ya nyumba yake. Alisoma kibao, akasoma kipande, akanawa mikono, akaingia ndani na kutoka na kamusi nene iliyovikwa kitambaa cha amerikani. Nilimwambia lile kosa langu la kuku, nikitegemea atanicheka. Hakucheka.

"Hukukosea sana," alisema. "Neno ni lile lile. Kuku akitaga ni hilo. Mwashi akipanga matofali ni hilo. Baba yako akitandika reli ni hilo hilo. Lakini Kiingereza kina tabia yake: ukibandika kijineno kidogo nyuma, maana inahama nyumba." Akaweka kidole kwenye ukurasa. "'Laid off.' Mtu amepumzishwa kazini kwa sababu kazi imepungua au imekwisha. Kosa si lake. Na ukiyaunganisha maneno hayo yakawa moja, linakuwa jina la jambo lenyewe: kupunguzwa kwa watu."

"Na hili refu?" aliuliza Baba.

Mwalimu alisita. "Hili, Mzee Bakari, ni 'dismissed.' Ni kufukuzwa kwa kosa."

"Kosa gani?"

"Halikuandikwa."

Baba akauliza kama Waingereza wenyewe huwa hawayachanganyi. Mwalimu akasema wapo wanaoyachanganya wakiongea, kama sisi tunavyosema ameachishwa, amesimamishwa, amefutwa, na kila mtu anaelewa kwamba yule bwana yuko nyumbani. Lakini kwenye karatasi kila neno lina kabila lake. "Ni kama nazi," alisema. "Kidaka, kitale, dafu, koroma, zote zimetoka kwenye mnazi mmoja. Mgeni ana kiu, wewe ukampa koroma badala ya dafu, utasema umempa nazi, na kweli umempa. Lakini umemfanyia ubaya."

Baba akamwomba aje naye ofisini kesho. Mwalimu akatazama mchicha wake. "Nikija mimi watasema mwalimu anachochea watu, na shule itapata tabu. Lakini kumfundisha mwanafunzi wangu sentensi mbili ni kazi ninayolipwa." Akanisimamisha pale pale kwenye tope, akanifundisha kusema kwa Kiingereza, baba yangu amepunguzwa, hakufukuzwa. Akanirudisha mara kumi. Mwisho, labda kwa kupenda kwake maneno tu, akaongeza kwamba mabaharia bandarini wana matumizi mengine: wakimwambia mtu "lay off" wanamaanisha achana naye, koma. "Hilo la mitaani," alisema. "Usije ukamwambia mkubwa."

Asubuhi Baba akavaa kanzu na kofia. Alipita kwa wale tisa waliobaki wa genge lake, waliokuwa wakifunga mizigo, akawaeleza. Walimsikiliza kwa mashaka. Mmoja akasema, "Bakari, neno ni neno tu. Tutakula neno?" Baba akasema, "Mimi sili neno. Ila nalo halitanila mimi. Nakwenda kukaa pale mpaka libadilishwe." Akaenda, akaketi kwenye ngazi ya ofisi, mikono magotini.

Mama alifuata nyuma, na alichokibeba kichwani kilikuwa kinu. Mchi niliubeba mimi. Akakitua kinu katikati ya uwanja wa ofisi, hatua chache kutoka dirisha la karani, akamimina makopa ya muhogo, akaanza kutwanga. Mama yangu hakuwa mtu wa kelele. Nyumbani alitwanga polepole, akisimama kupepeta. Siku ile alitwanga kama anayevunja mlango.

Bwana Silvesta akatoka. "Mama Somoe, hapa ni ofisini."

"Naona."

"Peleka kinu chako nyumbani."

"Nyumbani wapi, Bwana Karani? Si umesema nyumba si yetu tena? Watoto watakula. Nionyeshe pengine pa kutwangia, nitahama."

Karani alirudi ndani. Baada ya muda akatoka tena, akamwambia Baba kwamba anawaharibia wenzake, kwamba Bwana mkubwa akija atawaita askari. Baba akamjibu bila kuinua sauti, "Atakapokuja ndipo nitakapozungumza. Mimi namngoja yeye." Wakati huo mke wa mmoja wa wale tisa alikuwa amefika na kinu chake. Kisha akaja wa tatu. Jua lilipokuwa kichwani vilikuwa vinu vinne, na ardhi ya uwanja ule ilitetemeka mpaka ubao wa matangazo ukacheza kwenye msumari wake. Wanaume walikuja wakasimama pembeni. Halafu mmoja akaketi ngazini karibu na Baba, na baada yake wote.

Mzungu alirudi kutoka kwenye njia ya reli saa saba mchana, pua imeiva kwa jua, ana njaa. Alishuka garini akauliza kwa Kiswahili chake, "Kelele hii nini?" Karani aliruka ngazi, akamweleza kwa Kiingereza, haraka, kirefu. Katikati ya maneno yote yale yaliyonipita kama maji, nikalisikia moja nililojifunza jana: lile refu. Alikuwa akilisema tena, mbele ya Baba, na Baba hakujua.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka unga wa muhogo mikononi mwangu, na sentensi mbili za Mwalimu zikinitoroka kichwani, na kwamba lililobaki mdomoni nililitoa lote.

"Lay off my father!"

Michi ilisimama hewani. Mzungu akageuka akitafuta sauti imetoka wapi, akashusha macho mpaka kwangu. Akaniuliza nimesema nini. Nilikuwa nimemwambia mkubwa amkome baba yangu, kwa lugha ya mabaharia, tena kwa kumwamrisha. Nililijua hilo pale pale. Lakini sentensi ya pili ikanirudia, nikaishika kama mtu anayeshika kamba. "He is not dismissed," nikasema, nikamwonyesha ubao kwa kidole chenye unga.

Alitaka kucheka, nilimwona. Kisha akanyoosha mkono kwa Baba. Baba akampa kipande kwa mikono miwili, na hakukiachia mara moja. Mzungu akasoma. Akaenda ubaoni, akasoma orodha, akarudi. Akamuuliza karani jambo moja fupi. Karani alijibu kwa maneno mengi. Mzungu akamuuliza tena lile lile, na safari hii karani akatazama viatu vyake. Mpaka leo natamani ningejua Kiingereza cha kutosha kuelewa kilichofuata. Kilikuwa kifupi na masikio ya Bwana Silvesta yalibadilika rangi.

Mzungu akatoa kalamu yake mwenyewe, akalikata lile neno refu kwa mstari, akaandika juu yake mawili mafupi, akatia sahihi. Hakuomba radhi. Baba alikipokea kipande, akanipa. "Soma."

"Ndilo lenyewe, Baba."

Mzungu alikuwa amekwisha kupanda ngazi. Baba akasema kwa nyuma yake, "Bwana, tuko kumi na mmoja."

"Kesho," akasema Mzungu.

Baba akaketi tena pale pale ngazini, kanzu yake nyeupe ikaziba njia ya mlangoni. Mama akainua mchi, wale wanawake watatu nao wakainua yao, na wote wakamtazama Mzungu, wakingoja. Sijui alifikiria nini. Labda chakula chake tu. Alivua kofia, akaketi ngazini kando ya Baba, akasema, "Lete." Akaandika vipande vyote juu ya goti lake, kimoja kimoja, na mimi nikasoma kila kimoja kabla mwenyewe hajakipokea. Cha mwisho kilikuwa cha Sefu, kilichoachwa mezani. Baba alikifunga kwenye leso, akakitia mfukoni.

Nisiongeze chumvi. Karani hakupatwa na lolote. Niliomba kila siku naye afukuzwe, lakini mwaka uliofuata mtu alimwona bado ana kalamu zake mbili. Kazi haikurudi. Hata reli yenyewe iling'olewa baadaye, na mataruma watu wakajengea nyumba. Tulikaa kambini mpaka mwisho wa mwezi kama wengine, kisha lori la kampuni likatubeba na vinu vyetu mpaka njia ilipokwisha, tukamalizia kwa miguu mpaka Kitaya.

Pale kijijini tulimkuta mke wa Sefu, akatuamkia bila kututazama usoni. Mumewe, alisema, amerudi siku nyingi lakini haonekani. Analala shambani kwenye dungu la kulindia mtama, ingawa mtama umekwisha kuvunwa. Haji msikitini. Alimwambia mkewe neno moja tu, kwamba amefukuzwa, na neno hilo lilikuwa limetembea. Watu walikuwa wamekwisha kuamua kwamba aliiba. Walitofautiana tu kwamba aliiba nini.

Baba hakungoja hata kunywa maji. Alinishika mkono, tukashuka bondeni. Sefu alikuwa juu ya dungu, miguu ikining'inia, ndevu zimeota ovyo. Alituona tukija kwa mbali lakini hakushuka.

"Nimekuletea kipande chako," alisema Baba.

"Kichome."

"Somoe, msomee."

Nikasoma. Nilisoma jina lake, nikasoma yale maneno mawili, nikayaeleza kwa Kiswahili kama Mwalimu alivyonieleza: amepunguzwa kwa sababu kazi imekwisha, kosa si lake. Sefu alitazama mto.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Kosa limeandikwa wapi?"

"Hakuna, baba mdogo. Lilikatwa. Huu hapa mstari."

Ndipo aliposhuka. Alikishika kipande juu chini, nikamgeuzia, nikamwekea kidole kwenye lile neno lililokatwa, kisha kwenye yale mapya. Aliyapapasa kana kwamba yana joto. Hakusema asante, na Baba hakuingoja. Waliketi chini kwenye mabua, Baba akatoa wembe wake, akamnyoa Sefu ndevu kwa maji ya mtoni, polepole.

Tulifika kijijini watu wakiwa wanatawadha kwa swala ya alasiri. Sefu alipita katikati yao, akaingia, akasali safu ya mbele. Mimi nilingoja nje uani na watoto wengine. Walipotoka aliwasimamisha pale mlangoni, kipande mkononi.

"Mwenye neno juu yangu aliseme sasa," alisema. "Mtoto yuko hapa, anajua kusoma."

Nikasogea mbele, nikasimama kando yake. Tukawangoja, na hakuna aliyesema.